Simba, Joti na Uwanja wa Ushirika: hivi tunashabikia nini hasa?

Jumapili, saa nne na nusu usiku. Hosteli, Moshi.

Wadau wangu, najua nimepotea. Majaribio yalinikaba koo, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki, anapiga miayo tu. Leo nimeshiba na nina hasira, kwa hiyo kaeni vizuri.

Hasira yenyewe imeanzia hapa hapa chumbani. Shosti wangu wa kitanda cha juu kanikuta jioni nimevaa jezi yangu nyekundu, simu mkononi, naangalia vipande vya zamani vya Orijino Komedi huku nasubiri mechi ianze. Akanitazama kama mama mkwe anavyotazama chapati iliyoungua. Akasema: "Wewe ndo mwalimu mtarajiwa? Simba na Joti, Joti na Simba. Watoto wa watu utawafundisha nini?"

Nikacheka. Halafu sikulala. Manake lile swali nilishawahi kuulizwa, na aliyeniuliza hakuwa yeye. Nitafika huko, tulieni.

Kwanza nijitambulishe upya kwa wageni. Mie ni Mchaga wa Uru, mwaka wa tatu, elimu, masomo yangu Kiswahili na Historia. Na ni Simba. Nimezaliwa 2003, mwaka ule Simba walipowatoa Zamalek ya Misri, waliokuwa wanashikilia ubingwa wa Afrika, kwa penalti kule kule Cairo, Juma Kaseja akiwa golini. Mjomba wangu anasema nilipewa ushabiki kabla ya ubatizo. Mwaka wa kwanza hapa chuoni, tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walitupiga 5-1. Nilikuwa kibanda umiza kule mjini, msichana peke yangu kwenye benchi la watu tisa, na nikalia mbele za watu. Mei 2025 nikalia tena, Berkane walipochukua kombe pale Amaan, Zanzibar. Kwa hiyo msije mkaniambia sijui ninachokisema. Makolo ni sisi, na ukolo wangu nimeulipia.

Na komedi je? Mie nimekulia kwenye komedi. Lile kundi lilianza kama Ze Comedy pale EATV, baadaye wakahamia TBC wakawa Orijino Komedi: Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan, Vengu. Nyumbani hatukuwa na tivii. Tulikuwa tunashuka kwa jirani, mie na bibi, na tochi, kwenye utelezi wa migombani. Joti leo babu, kesho mtoto, kesho kutwa bibi kizee, na bibi yangu anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kama kuna kitu kilinifundisha kwamba Kiswahili kinaweza kupindwa, kuvutwa na kuchezewa mpaka kikatoa cheche, ni zile jioni. Nilianza kupenda lugha pale kwa jirani, kitabu cha fasihi nilikutana nacho baadaye.

Basi shosti, jibu lako la kwanza hili hapa: acha dharau. Kuna wasomi wanadhani ukipata namba ya usajili ya chuo basi cheko unaliacha getini na mpira unawaachia bodaboda. Huo ni ulimbukeni. Mtu anayekwenda kufundisha Kidato cha Pili huku hajui watoto wanalilia nini na wanacheka nini, huyo anakwenda kufundisha ubao. Nimemaliza na wewe, lala.

Sasa nageukia wenzangu, mashabiki. Na hapa nanyoosha kidole nikijua vitatu vinanirudia.

Mwaka jana, 2025, nilikuwa mafunzo kwa vitendo, TP, kwenye shule moja ya sekondari ya kata huko juu karibu na msitu. Jina naliacha, walinipokea vizuri. Asubuhi ukungu unaingia mpaka darasani, chaki inakuwa na unyevu. Wiki ya kwanza nikaona watoto wamelala macho wazi. Nikajisemea ngoja nitumie silaha yangu. Nikauliza: nani anaweza kunitajia kikosi cha Simba? Weee! Darasa liliamka lote. Wakanitajia kumi na moja, wakanitajia wa akiba, wakanitajia majeruhi na tarehe ya kupona. Wa Yanga nao wakajibu mapigo, na wana sababu, wamebeba ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2022 mpaka 2025. Nikafurahi. Nikauliza swali la pili, kwa nia njema kabisa: je, nani anaweza kunitajia mchezaji hata mmoja aliyewahi kuchezea timu ya hapa Moshi?

Kimya. Kuku alisikika nje.

Kijana mmoja wa nyuma akanionea huruma, akasema: "Madam, ile sio timu. Ile ilishuka."

Jamani. Polisi Tanzania walipanda Ligi Kuu, wakacheza misimu minne, kuanzia 2019 mpaka 2023, wakitumia Uwanja wa Ushirika, hapa hapa mjini, nauli ya daladala moja. Ligi Kuu ilikuja mpaka mlangoni kwetu! Na hawa watoto hawana jina hata moja. Nikataka kuwakaripia. Halafu nikakumbuka: mie mwenyewe ningetaja wangapi?

Niungame. Misimu ile minne niliingia Ushirika mara moja tu. Mara moja! Na ilikuwa siku Simba walipokuja. Nilishuka toka Uru na jezi nyekundu, nikakaa na wekundu wenzangu, na timu ya nyumbani kwetu walipopata mpira nikazomea. Uwanja ulijaa, na waliojaa walikuwa wageni waliozaliwa hapa hapa. Watu wa Kibosho, Machame, Marangu, Old Moshi, tumeshuka toka mlimani kuja kuizomea Moshi. Kiingilio nilicholipa siku ile hakikufika bei ya chips kuku. Jezi ya Simba niliinunua kwa hela ya bumu, nikala ugali maharage wiki mbili bila kulalamika.

2023 Polisi wakashuka. Nikasema "masikini", nikageuza kurasa.

Najua mtakachosema. "Ile ni timu ya polisi, sio ya wananchi." Sawa. Na Simba ni ya nani? Wewe wa Kirua Vunjo umewahi kukanyaga Mtaa wa Msimbazi ukapewa chai? Yanga ilianzishwa 1935, Simba mwaka mmoja baadaye, zote Dar es Salaam, na watu wa Dar, kwa mambo ya Dar. Hatukuwepo. Tukazipenda, na sio kosa, mapenzi hayana kitambulisho cha mkazi. Ila msiniambie timu ya umbali wa siku nzima kwa basi ni "yetu", na iliyo umbali wa dakika ishirini ni "yao". Hiyo hesabu hata mie wa Historia naikataa.

"Aah, timu za mikoani hazina maisha." Tukuyu Stars ya Mbeya walichukua ubingwa 1986. Coastal Union ya Tanga, 1988. Mtibwa Sugar ya Morogoro, 1999 na 2000. Mbeya, Tanga, Morogoro. Kilimanjaro tunasubiri nini, theluji iishe?

Na linaloniuma zaidi ni jina la uwanja. Ushirika! Babu zetu huku mlimani walikaa chini wakaunda chama cha wakulima wa kahawa 1925, na 1933 ikawa KNCU, ili kahawa yao wauze kwa pamoja na mzungu asiwapunje. Kila mtu na debe lake, kila mtu na sauti yake. Watu walioelewa kwamba cha kwako kinasimama ukikichangia, wajukuu zao leo wanakaa kibandani wanatazama cha wenzao. Babu yangu alikuwa Yanga wa damu, Mungu amrehemu. Lakini anasema mama kwamba enzi za timu ya Ushirika ya Moshi, siku Yanga ikija, babu alikaa upande wa Ushirika. Akiulizwa anajibu: "Yanga ni mapenzi, hii ni nyumba." Ningemrithi kihamba, ningemrithi na akili hiyo.

Sasa komedi. Msidhani nimeisahau, na hapa ndo pananiuma kuliko goli tano.

Wiki ya tatu ya TP nilikuwa na kipindi cha Kiswahili, kusoma kwa sauti. Kuna mvulana mmoja mpole, anakaa dirishani, anatoka juu kabisa ambako nyumbani wanaongea Kichaga asubuhi mpaka usiku. Zamu yake ikafika. Akasimama, akasoma. Akasoma vizuri, alama za uakifishaji zote, lakini kwa lafudhi ya kwao, nzito kama mtori wa jana. Sentensi ya pili tu, mmoja akaiga sauti ya Mangi wa kwenye komedi, yule muuza duka anayelia na hela kila siku. Darasa zima likaangua kicheko. Watoto arobaini, karibu wote Wachaga, wanamcheka Mchaga mmoja kwa kuongea kama mama zao.

Na mie, wadau, nilicheka.

Sio sana. Ila kaniona. Kijana kakaa chini, na mpaka TP inaisha hakusoma tena kwa sauti. Nilimwita, nikambembeleza, nikamwambia samahani. Akanijibu kwa adabu zote: "Hamna shida Madam. Kwani na wewe unapendaga komedi?" Hilo ndo lile swali nililowaambia. Shosti kaniuliza kwa kejeli, yeye aliniuliza kwa upole, na upole ndo uliokata.

Mangi! Hivi tunajua tunachokicheka? Mangi alikuwa mtawala wa watu. Mangi Meli wa Old Moshi alipigana na Wajerumani, wakamnyonga 1900, na ukoo wake umehangaika miaka mingi kulitafuta fuvu lake Ujerumani. Leo ukiwa Dar, Mangi ni mwenye genge: "Mangi nipe vocha, Mangi niongeze chenji." Haya, kuuza duka ni kazi ya heshima, baba zangu wadogo wawili wamesomesha watoto kwa duka. Lakini komedi zetu nyingi zikitaka cheko la haraka zinachukua Mchaga na hela yake, Mmasai na rungu lake, Mgogo na bakuli lake, wanaweka lafudhi, watu wanaanguka. Miaka nenda rudi utani ule ule. Mwandishi hajapanda daladala moja kwenda kusikiliza watu wanavyoongea kweli.

"Dada, huo ni utani wa makabila, wacha kununa." Sinuni. Na sitaki mtu yeyote apigwe marufuku. Bibi yangu ndo alinifundisha tofauti. Siku moja kwa jirani katokea mchekeshaji anaigiza Mchaga. Nikamuuliza: "Bibi, huoni wanatucheka?" Akajibu huku anacheka kuliko wote: "Wanatucheka? Mie nawacheka wao! Huyo Mchaga wa wapi? Hajui hata kusema aika." Halafu akasimama katikati ya sebule ya watu akamuigiza yule mwigizaji, akamsahihisha, na sebule nzima ikamcheka wa kwenye tivii. Mnaona? Bibi alikuwa na Mchaga wa kweli wa kumpimia yule wa bandia, kwa hiyo utani haukumgusa hata ukucha. Wale watoto wa darasani hawana kipimo. Mchaga wanayemjua zaidi ni wa kwenye skrini, na wa nyumbani wanamuonea aibu.

Nenda Kenya ukaone. Mzee Ojwang wa Vitimbi alivaa lafudhi ya Kijaluo miaka na miaka pale KBC, na mwigizaji mwenyewe, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Alipofariki 2015 walimlilia watu wa kila upande. Manake Ojwang alikuwa mtu mzima: ana mke, ana hasira, ana ujanja, ana siku ya kushindwa na siku ya kushinda. Lafudhi ilikuwa nguo yake, mwili alikuwa nao mwenyewe. Hawa wetu wengi ni nguo tupu iliyotundikwa msumarini.

Basi ndo hoja yangu, na mnitukane mkitaka. Mpira haujatuharibu. Komedi haijatuharibu. Kilichotuharibu ni kushabikia upande mmoja tu, wa mbali. Mtu mwenye timu ya nyumbani anaweza kuipenda Simba mpaka akalia, haitamdhuru. Mtu mwenye cheko la nyumbani anaweza kumcheka Mangi wa tivii mpaka akaanguka, haitamdhuru. Ila ukiwa na cha mbali peke yake, unafika mahali unazomea uwanja wa kwenu na unacheka sauti ya mama yako, na unajiona mjanja. Nilifika. Nilikuwa na jezi.

Halafu Krismasi ikifika tunapanda wote mlimani na magari ya Dar, vumbi mpaka Rombo, tunachinja, tunakunywa mbege, tunajisifu "sisi Wachaga hatusahau kwetu". Wiki mbili kwa mwaka! Hatusahau kwetu, tunapasahau Januari.

Sasa nifanye nini? Simba siachi. Shosti asijidanganye, jezi haitoki. Joti siachi. Lakini nimejiwekea sheria, na nawaalika. Ya kwanza: kila nikitoa hela kwenda kibandani kuangalia Simba, nyingine kama hiyo inakaa kwenye kopo kwa ajili ya kiingilio cha timu yoyote ya mkoa huu, daraja lolote, hata ya mchangani. Nikiingia nakaa upande wa nyumbani, na nikiwa nyumbani sizomei nyumbani. Hata Mnyama akija. Hapo mtaniona nimefunga mdomo natetemeka, mnionee huruma.

Ya pili: hafla ya wanafunzi inayokuja, kikundi chetu kina igizo. Nimeshaandika nusu. Ni jamaa anatoka mjini mkubwa, amekuja Krismasi, viatu vyeupe, miwani, anaongea Kiswahili cha redioni. Anateleza migombani hatua ya tatu. Mbege inamtoa jasho. Anamwita kila mzee Mangi, na wazee wanamwitikia kwa heshima zote, halafu wanamdai kodi ya Mangi. Mchaga yumo, lafudhi imo, hela ipo. Ila safari hii kamera iko upande wa kihamba.

Ya tatu ndo ngumu. Huku kwetu ukimkosea mtu, maneno matupu hayatoshi. Unachuma sale, lile jani linalopandwa mpakani mwa kihamba, unampelekea, na akilipokea mmesameheana. Mie kwa yule kijana nilipeleka maneno tu. Shule haiko mbali na kwetu Uru, na wiki ijayo sina kipindi Ijumaa. Sijui kama mwalimu wa TP aliyeshamaliza anaruhusiwa kutokea getini na jani mkononi. Mlinzi atashangaa. Watoto watacheka, na wacheke, zamu yangu.

Nitamwomba anisomee ukurasa mmoja. Akikataa ni haki yake, nitarudi mwezi ujao.

Shosti ameshaanza kukoroma. Umeme unacheza cheza hapa, nikatie hapo kabla haujanikatia wenyewe. Wa Yanga, najua mnacheka, mtakuja Ushirika na nyie tuone mtakaa upande gani.

Nguvu moja. Na ya nyumbani pia.